Buti ya sivi jointi imepasuka kwenye Nissan e-NV200 ya umeme, nibadili buti tu au shafti nzima?

MikateYaSegerea

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada kwenye tuta. Nina kavan ka umeme, Nissan e-NV200 ya 2015, betri ile ndogo ya kWh 24, mtumba wa Japani. Naitumia kusambaza mikate alfajiri, natoka Segerea nazunguka Tabata, Kinyerezi mpaka Kimara kule ndani ambako lami ni hadithi. Gari lenyewe sina malalamiko nalo, usiku nachomeka asubuhi naondoka, mambo ya foleni ya sheli nimesahau.

Sasa juzi nashusha kreti dukani kwa mtu nikaona rimu ya mbele kushoto kwa ndani imepakwa kitu cheusi, nikasema hapa breki inavuja, kuingiza mkono kumbe ni grisi. Kuchungulia vizuri na tochi buti ya nje (kile kifuniko chenye mikunjo kinachotunza grisi ya sivi jointi, ile jointi ya shafti inayozungusha tairi hata ukikata kona), ile iliyo karibu na tairi, imepasuka kwenye mkunjo, mpasuko umezunguka karibu nusu ya buti, ukikata usukani mpaka mwisho unaona unafunguka kabisa na chuma ya ndani inaonekana. Grisi imerushwa hadi kwenye shokapu na kwenye kalipa.

Kelele hakuna. Nimeenda kiwanja cha mpira nikakata kona hadi mwisho kushoto na kulia polepole, kimya, na gari hili halina mlio wa injini kwa hiyo ingekuwepo ningeisikia.

Shida ni mafundi. Wa kwanza anasema ninunue shafti nzima kwa sababu gari za umeme hazifunguliwi vipandevipande. Wa pili alifungua boneti akaona zile waya za orenji akafunga boneti taratibu akaniambia bosi mimi nina watoto. Wa tatu kijana tu wa pale mtaani anasema kuna buti za kubandika na gundi, hafungui kitu, nusu saa naondoka. Nani yuko sahihi? Na hii buti ya NV200 ya petroli inaingia kwenye ya umeme au nitapoteza hela? Gari likilala siku moja mikate inalala na wateja wangu wanahamia kwa jirani, kwa hiyo nataka nikipeleka gereji niwe najua nachokiongea.

SpanaNyekundu

Mkuu pole, ila kama bado haijaanza kugonga umewahi. Buti tu inatosha, tena buti ya kuvalisha siyo ya gundi, nitafika huko.

Kwanza hofu ya umeme maana ndiyo inayowakimbiza watu. Waya za orenji zinabeba umeme wa betri kubwa, hapo ni kama volti 360 na ikijaa chaji inakaribia 400, tena DC, huo hauna utani na aliyefunga boneti wala simcheki. Ila shafti inatoka kwenye giaboksi inaenda kwenye habu ya tairi, ni chuma na grisi mwanzo mwisho, hakuna umeme unaopita hapo. Kazi ya buti ya nje ni ileile anayoifanya fundi kwenye Vitz au IST kila siku. Zima gari, funguo kaa nayo wewe mfukoni isiwe karibu na gari, toa tamino hasi ya betri ndogo ya volti 12, halafu mwambie fundi sheria ni moja, chochote cha orenji hakiguswi, hakivutwi, hakitundikiwi kitu. Kama kungekuwa na kazi ya kufungua kitu chenye waya hizo hapo sasa ni hadithi nyingine, unatoa ile plagi ya usalama, unasubiri dakika zisizopungua 10 kapasita zijimalize, unavaa glavu zake na unapima kwanza, na hiyo siyo kazi ya chini ya mwembe. Kwenye buti huko hatufiki.

Vitu ambavyo ni tofauti kweli na gari la petroli ni vichache ila ndivyo vinavyowaumbua mafundi. Jeki. Betri ya hiyo gari imelala chini ya sakafu na ina zaidi ya kilo 250, mtoto wa gereji anaweza kuona lile boksi kubwa bapa akadhani ndiyo sehemu nzuri ya kuweka jeki katikati. Asithubutu. Jeki inakaa kwenye alama za pembeni chini ya mlango, weka na stendi, na gari ni zito kuliko linavyoonekana.

Kingine ni P. Gari hizi ukizima inaingia P yenyewe na P inafunga giaboksi kwa ndani. Ukiinua upande mmoja tu tairi haizunguki hata ukilala chini na kuvuta. Inua mbele zote mbili, hapo ukizungusha kushoto, kulia inageuka kinyume chake, unapata kugeuza shafti na kufikia klipu kila upande bila kuhangaika na N wala kurudisha betri. Breki nayo inasaidiwa na umeme, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote hakikisha tamino imetoka na pedi zikiwa nje mtu yeyote asikae kwenye kiti akachezea pedali, pistoni zitatoka.

Sasa kazi yenyewe. Gari likiwa bado chini, tairi imekanyaga, mtu akanyage breki, toa splitipini na kile kikofia chake halafu legeza nati kubwa ya katikati, usiitoe, legeza tu. Ukisahau ukainua kwanza utapigana nayo hewani na stendi zinacheza. Ndiyo unainua, unatoa tairi, kalipa unaitundika na waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu ya breki. Waya wa sensa ya ABS utoe kwenye vishikio vyake la sivyo utaukata wakati unavuta habu. Halafu fungua bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye nakal (kile chuma kinachobeba habu), piga alama ya rangi kwanza zilivyokaa ili alaimenti isihame sana, na habu inalala nje. Shafti ikigoma kutoka kwenye habu rudisha nati mpaka ilingane na ncha halafu gonga na nyundo ya plastiki au weka kipande cha mbao. Anayegonga chuma kwa chuma kwenye uzi hapo amekununulia jointi mpya.

Hapo usivute shafti kwa nje kwa nguvu, ile ya ndani ina miguu mitatu yenye roli na ukivuta hovyo inachomoka kwenye kikombe chake na buti ya ndani inanyofoka. Acha shafti ikae kwenye giaboksi, ifunge isining'inie. Kata klipu mbili za buti ya nje, kata buti yenyewe, futa grisi, utaona shafti inaingia katikati ya jointi. Kuna serklipu ndogo, kipete cha waya wa chuma, kwenye ncha ya shafti inaishika. Gonga lile duara la ndani, siyo kikombe cha nje, kwa shaba au chuma laini, kwa pigo moja la nguvu siyo vipigo vingi vya woga, na jointi inaruka. Kwa njia hii giaboksi hujaigusa, oili haijamwagika. Zipo ambazo hazitaki kabisa kutoka, basi hapo unachomoa shafti nzima unaingilia upande wa ndani, unatoa ile miguu mitatu na buti zote mbili zinapitia huko. Ukifika huko ujue oili ya giaboksi itamwagika kiasi, ni lita moja na kitu tu jumla, uwe nayo mkononi ya kurudishia, na angalia oili sili, shafti ikipita imeegemea inaichana.

Osha jointi mpaka uisikie inateleza bila kukwaruza. Petroli inaosha ila iache ikauke kabisa. Halafu kaa juani na uiangalie, geuza gololi moja moja mpaka uzione zote sita, angalia njia zinazopita na madirisha ya ile keji inayoshika gololi. Ikiwa inang'aa sawasawa hata kama kuna mstari wa njia ya gololi, endelea nayo. Ukiona vishimo, au kucha ikipita inakwama, au keji ina ufa, funga mjadala nunua jointi.

Grisi ni ile nyeusi ya moli (molibdenamu) inayokuja kwenye pakiti ya buti. Siyo ya beringi, siyo ya kopo iliyobaki. Nusu ijaze ndani ya jointi kabisa ukiikandamiza na kidole gumba mpaka itokeze upande wa pili, nusu ndani ya buti. Serklipu mpya, gonga mpaka usikie tak, vuta kwa nguvu uhakikishe imeshika. Na kabla ya kufunga klipu ndogo ingiza bisibisi bapa kwenye mdomo wa buti uitoe hewa, la sivyo buti inavimba au inanyonywa ndani na ile mikunjo inasuguana yenyewe kwa yenyewe, miezi michache unarudi palepale.

MikateYaSegerea

Mkuu SpanaNyekundu nashukuru sana, hii nimeipiga skrini nzima. Mambo mawili. Kwa nini buti ya gundi siyo, maana ndiyo inayonivutia kwa ajili ya muda. Na hujanijibu ile ya NV200 ya petroli.

DadaSpeaGerezani

Hapo kwenye spea nijibu mimi maana ndiyo ugali wangu. Kaka buti za gundi ninazo dukani na nauza, ila mtu mwenye gari la biashara simuuzii bila kumwambia ukweli. Ile buti imekatwa urefu wake, unaizungushia shafti unaibana na gundi kwenye mshono. Gundi inataka sehemu kavu isiyo na hata tone la grisi na wewe mwenyewe umesema grisi imefika mpaka kwenye shokapu. Fundi anafuta na tambara anabandika anakuaga. Mshono unaishi kwenye mkunjo uleule unaofanya kazi kila ukikata kona. Halafu la muhimu zaidi, kwa sababu hajafungua kitu na mchanga ulioingia ameufungia ndani pamoja na grisi mpya. Umeficha ugonjwa tu. Hiyo ni ya mtu anataka gari lifike Moro akaliuze.

Zipo pia za kunyoosha, raba laini sana, zinakuja na koni ya plastiki, unapaka koni mafuta unaipitisha buti juu ya jointi bila kuitoa jointi kwenye shafti. Hizo siyo mbaya kwa fundi anayeogopa kugonga, habu bado lazima itoke kwenye shafti lakini jointi inabaki. Tatizo lake huwezi kuosha jointi vizuri ikiwa kwenye shafti, na ukipata ile ya bei ya kutupa inachanika na jua la hapa kabla hujasahau ulipoinunua.

Kuhusu NV200 ya petroli, usinunue kwa jina la gari. Watu wanakuja wanasema nipe buti ya NV200 na mimi nawauliza ya nati ngapi. Hizi za petroli za Japani tunazoletewa tairi lina nati 4, ya kwako ya umeme ina 5, mbele kule chini imejengwa na mambo ya Nissan Leaf, mota na giaboksi ni za ukoo huo. Kwa hiyo ukikosa kwa jina lake anza kuuliza ya Leaf halafu upime. Vipimo ni vitatu, mdomo mkubwa unapokaa kwenye jointi, mdomo mdogo unapokaa kwenye shafti, na urefu wa buti ikiwa imetulia. Pima chuma chenyewe kwenye mfereji ambamo mdomo wa buti unakaa, siyo buti ya zamani, ya zamani imetanuka inakudanganya. Kama fundi ana venia, kile kipimo cha kubana, vizuri, kama hana zungusha uzi, pima uzi na rula, gawa kwa 3.14. Ukija na namba hizo tatu hata jina la gari usiniambie.

Halafu angalia buti uliyopewa ni raba au plastiki ngumu. Plastiki ngumu ukiibonyeza inarudi kwa kelele, hiyo inadumu sana ila inataka klipu ya sikio ya chuma ikaminywe na koleo lake maalum mpaka sikio lifunge kabisa. Raba laini ukiiminya na klipu hiyohiyo kwa nguvu hiyohiyo unaikata mwenyewe kabla haijatoka gereji. Na tafadhali, zile kamba za plastiki za kufungia waya siyo klipu ya buti. Nimeziona nyingi mno.

Wa_Eastlands_254

Niaje wadau, nasoma hii nikiwa Nairobi. Huku gari za stima zimejaa kiasi, Leaf na hizo e-NV200, na makanika wengi wameshazizoea. Naheshimu maelezo ya Spana lakini mimi ningesema hivi, usiende gereji na buti pekee. Wewe unasema barabara zako ni za vumbi na mchanga na buti imefunguka nusu nzima, sasa hujui imekaa hivyo wiki ngapi, umeona juzi kwa sababu grisi ilifika kwenye rimu. Kutopiga kelele si ushahidi, jointi huanza kulia ikishaisha. Uliza bei ya jointi kabla, ujue duka lipi iko, makanika akifungua akiona vishimo mtu wa boda anakimbia kuichukua. Otherwise gari linalala juu ya stendi ukitafuta spea na hiyo mikate nani atabeba.

Kitu kingine watu hawasemi. Hii mota nguvu yake ya kuzungusha ni 254 Nm na inatoa hiyo nguvu yote kutoka sifuri, hakuna klachi, hakuna kungoja. Giaboksi inaizidisha karibu mara 9 kabla ifike kwa shafti. Halafu ukiachia pedali ukiwa kwa B, ile gia inayopunguza mwendo zaidi, tairi zinazungusha mota kupitia hizo shafti mbili na stima inarudi kwa betri, yaani nguvu inageuka inakuja upande mwingine. Kwa gari ya petroli jointi inasukumwa upande mmoja karibu siku nzima, hii inasukumwa inavutwa inasukumwa kila stopu, na gari ya delivari stopu ni kazi yake. Kama kuna uchezaji ndani utausikia hapo, tuk moja unapokanyaga, tuk nyingine unapoachia. Hiyo mara nyingi ni ya ndani, ya nje inalia ta-ta-ta-ta ukikata kona na kuongeza mwendo. Mwenye thredi ajaribu zote mbili, si kiwanjani polepole tu, akate kona yote halafu akanyage kidogo.

Na ukiambiwa ununue shafti ya mtumba kutoka Japani, huku Kirinyaga Road utazipata zimepangwa, kumbuka buti zake zina umri uleule wa gari iliyotolewa. Unanunua mpasuko mwingine unaongoja tarehe. Unless unataka ile jointi tu na uvalishe buti mpya juu yake, hapo sawa.

SpanaNyekundu

Eastlands nakuunga mkono kwenye kuulizia jointi mapema. Kwenye kubadilisha moja kwa moja hapana. Nimefungua nyingi zilizopasuka zikiwa na mchanga kwenye grisi ya nje tu na ndani gololi zinang'aa, kwa sababu grisi ya moli ni nzito na inashika vumbi pale mdomoni kabla halijapenya. Na nyingine mpasuko mdogo kabisa umeingiza maji ya dimbwi ndani ni kutu tupu. Huwezi kuhukumu kwa macho ya nje, fungua, osha, angalia. Na jointi mpya za bei rahisi za sokoni wakati mwingine ni mbaya kuliko ya orijino iliyotembea, nadhani umeziona wewe pia.

Wa_Eastlands_254

Hizo nimeziona, zingine mpya kwa boksi zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Hapo umenishika.

VanYaLeicester

Salaam kwenu, mimi ni Mtanga niko Uingereza napiga delivari na hizi hizi e-NV200, kampuni nyingi ndogo huku zilizichukua kwa kazi za mjini. Niongeze moja tu. Huku buti ya sivi jointi iko kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa gari, kama haipo au imepasuka kiasi cha kuruhusu uchafu kuingia gari linafeli, haijalishi jointi inalia au hailii. Ikiwa imechoka tu ila bado inazuia uchafu wanaandika kasoro ndogo unapita. Japani nako ni hivyo, buti iliyochanika haipiti shaken, ukaguzi wao wa lazima wa gari. Ndiyo maana gari likitua bandarini buti zinakuwa nzima, na mtu anadhani ni kitu kisichoharibika, halafu halina tena anayelilaza chini kulichungulia kila baada ya muda. Raba ya 2015 ni raba ya 2015 tu hata kama gari limetembea kidogo.

Kwa hiyo kaka wa mikate ukiwa umeinua mbele zote mbili na tairi zimetoka, pitisha tochi kwenye buti zote nne. Zikunjue kwa vidole ile mikunjo uone chini ya bonde lake, nyufa zinaanza pale kwenye bonde siyo kwenye kilele. Ya nje ndiyo inaanza kwa kawaida kwa sababu ndiyo inayokunjwa na usukani, na van hizi zinakata kona kali sana kwenye kugeuza mitaani.

Swali kwa Spana, hiyo nati ya habu unaikazaje? Huku gereji hawakubali kuondoka bila spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

SpanaNyekundu

Na mimi sikubali. Inakazwa gari likiwa limeshuka chini, kwa spana ya toki, namba itoke kwenye kitabu cha gari hilo hilo na siyo kwa kukariri ya Toyota. Ikilegea beringi ya habu inakufa, ikikazwa na bomba refu na mtu wa kilo mia juu yake beringi inakufa vilevile ila kwa kelele. Splitipini mpya, ni kitu cha hela ya chenji. Nati za tairi kaza kwa msalaba halafu zirudie ukishatembea kidogo.

MikateYaSegerea

Wakuu mrejesho. Nimepata fundi kule Buguruni, mtu mzima, nikamwonyesha thredi hii kwenye simu akasoma mpaka ile ya kuinua mbele zote mbili akasema huyu anajua, lete gari jumapili. Nilienda kwa Dada pale na vipimo vya uzi, tukapata buti ya raba inayokubali mdomo mkubwa na mdogo bila kulazimisha, na jointi nikaweka oda ya maneno tu bila kulipa.

Bolti za shokapu zilikuwa ngumu kuliko kazi nyingine yote. Jointi yenyewe ilitoka kwa pigo moja kama Spana alivyosema, mzee alitumia kipande cha shaba alichochonga mwenyewe, na serklipu ikabaki pale kwenye ncha ya shafti imepinda. Grisi ya mdomoni ilikuwa imejaa mchanga unaousikia kwenye vidole, ya ndani ilikuwa bado nyeusi laini. Aliosha mara mbili, akazigeuza gololi moja moja akanipa na mimi nipitishe kucha. Hakuna kilichokwama. Mzee akasema hii bado ni ya orijino hii, irudi. Na ile hewa ya buti nilimkumbusha mimi, akacheka akasema alikuwa anaelekea huko.

Kwa hiyo kushoto nimemaliza, gari lipo kazini. Lakini tulipomulika zote nne, buti ya ndani upande wa kulia ina nyufa nyembamba kwenye bonde la mkunjo, haijafunguka, grisi haitoki. Mzee anasema hiyo lazima shafti itoke kwenye giaboksi na oili iwepo kwanza. Oili yake ni ipi, niweke ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) yoyote?

SpanaNyekundu

Hongera mkuu, na huyo mzee mshike. Oili ni Nissan Matic S, usiweke ATF yoyote na usikubali oili ya giaboksi ya manyuo eti kwa sababu ni gia moja. Nunua lita 2 itabaki. Nunua na oili sili ya upande wa kulia siku hiyohiyo hata kama ya sasa haivuji, ukishachomoa shafti ndiyo nafasi yake. Nyufa ambazo hazijafunguka zinakupa muda wa kukusanya vitu, siyo wa kusahau, mulika kila ukiosha gari.

DadaSpeaGerezani

Matic S ninayo, ya kopo siyo ya kupima. Sili niletee namba ya chesisi nikutafutie, za Leaf zimebaki mbili tu. Na ile oda ya maneno ya jointi naifuta kaka, kuna mtu anaitaka.